Maziwa hayatoshi? Angalia nepi kabla ya kukimbilia kopo

Mtoto ana siku ya tatu. Saa nane usiku analia, na ni nusu saa tu tangu aachie titi. Mama akijikamua anaona matone machache ya njano. Bibi aliyekuja kumtunza mzazi anasema mtoto ana njaa, na asubuhi baba anatumwa duka la dawa kununua maziwa ya kopo.

Nyumba nyingi zimepitia usiku kama huu, na mara nyingi maziwa yalikuwepo.

Matone yale ya njano ni dang'a, maziwa ya mwanzo. Ni machache kwa sababu tumbo la mtoto mchanga nalo ni dogo. Maziwa mengi huingia kati ya siku ya pili na ya nne, na kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji yanaweza kuchelewa kidogo.

Titi hufanya kazi kwa mahitaji. Likinyonywa hadi kulainika, hutengeneza zaidi. Likiachwa limejaa, hupunguza. Mtoto aliyeshiba kopo hulala muda mrefu bila kunyonya, na baada ya siku chache za mtindo huo maziwa hupungua kweli. Maji na uji kabla ya miezi 6 vina athari hiyo hiyo.

Basi mama atajuaje? Si kwa kilio, maana mtoto hulia hata kwa joto au kwa kutaka kubebwa tu. Wala si kwa titi kuwa laini. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24, na mkojo hauna rangi kali. Kipimo kingine ni mizani. Kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida, lakini ndani ya wiki 2 hivi awe amerudia uzito wa kuzaliwa.

Ikiwa hapati, cha kwanza kutazama ni namna anavyoshika titi. Anayevuta chuchu peke yake humwachia mama vidonda na hapati kitu cha maana. Kinywa kiwe wazi sana, kimeze chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, na kidevu kiguse titi. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Kukamua kwa mkono baada ya kunyonyesha husaidia, na hakuhitaji mashine ya bei.

Mtori na supu? Mzazi ale, anavihitaji. Lakini hakuna bakuli linaloshika nafasi ya mtoto kunyonya, na bibi anayefua nguo ili mama apumzike huenda anasaidia zaidi ya pilipili manga yote iliyomo kwenye uji.

Wapo kinamama ambao maziwa ni machache kweli. Huenda walipoteza damu nyingi wakijifungua, kipande cha kondo kilibaki, wana tatizo la tezi ya shingo, waliwahi kufanyiwa upasuaji wa matiti, au wameanza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Hawa hawana kosa lolote. Wanahitaji uchunguzi, na mtoto akihitaji kuongezewa maziwa, mtaalamu ndiye aelekeze kiasi, ikiwezekana kwa kikombe badala ya chupa.

Mtoto mlegevu, mgumu kuamka kunyonya, mwenye mkojo mchache wa rangi kali, mdomo mkavu au utosi uliobonyea apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kunywesha dawa za kienyeji kwanza ni kupoteza muda.

Kwa wengine, kliniki ya wiki ya kwanza inatosha kuanzia. Akiulizwa kama mtoto ananyonya, mama asiishie kujibu ndiyo. Amwombe nesi akae dakika chache amtazame akinyonyesha.