Dawa ya Kikwapa Isiyonata: Tuitengeneze kwa Nta na Alizeti



Kila mtu anayefanya kazi hutoka jasho. Anayelima ngano Basotu hutoka jasho. Anayechunga ng'ombe Balangdalalu hutoka jasho. Mwanafunzi anayepanda kilima kwenda shule kule Mbulu naye hutoka jasho. Jasho si ugonjwa, wala si aibu. Jasho hupoza mwili.

Lakini jasho la kwapani lina tatizo lake. Hukaa mahali pa joto pasipopata hewa. Baada ya muda hunuka. Kijana huona haya kukaa karibu na wenzake darasani. Mtu mzima huona haya kuinua mkono mkutanoni, ingawa ana neno la kusema. Hapo ndipo watu hununua dawa ya kikwapa dukani, na fedha hutoka kijijini.

Vitu vingi vya kutengenezea dawa hiyo tunavyo hapa. Nta ya nyuki iko Mbulu na Hanang. Alizeti inalimwa Hanang na kukamuliwa huko huko. Viazi mviringo vyenye wanga vinalimwa Mbulu. Kitu kimoja tu tutanunua, nacho ni shabu.

Basi kwa nini dawa ya nta inayotengenezwa nyumbani mara nyingi haipendwi? Jibu ni moja. Ina mafuta mno. Mtu akijipaka, kwapa huteleza na shati huingia doa. Mnunuzi wa namna hiyo hununua mara moja, harudi tena. Leo tutajifunza jinsi ya kuondoa kasoro hiyo.

KWA NINI JASHO HUNUKA?

Jasho likitoka tu mwilini halina harufu kubwa. Juu ya ngozi yetu kuna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hula vitu vilivyomo katika jasho la kwapani. Vikisha kula, hutoa harufu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuoga kwa maji na sabuni na kuvaa nguo safi. Dawa haiwezi kuchukua nafasi ya sabuni.

Dawa za viwandani za kuzuia jasho hutumia chumvi za madini ya alumini. Chumvi hizo huyeyuka katika jasho, kisha huziba kwa muda vitundu ambavyo jasho hupitia. Dawa za kwanza za namna hiyo zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1903. Zilikuwa za majimaji, tena kali. Ziliwasha ngozi na kuharibu nguo. Baadaye watu walitafuta dawa za upole zaidi.

Shabu pia ni chumvi ya alumini. Ni lile jiwe jeupe linalong'aa, ambalo watu hulitumia kutuliza maji yenye tope. Vinyozi pia hulipaka baada ya kunyoa ndevu. Shabu haina nguvu kama dawa za viwandani. Hupunguza harufu vizuri, na jasho hupunguza kidogo tu. Tusimdanganye mnunuzi kwamba itamkausha kabisa.

UTELEZI NA KUNATA SI KITU KIMOJA

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Husema, "Dawa hii ni ya mafuta mno." Kisha huongeza nta. Kesho yake husema, "Bado ni mbaya." Wana haki ya kusema hivyo. Walifukuza tatizo moja wakaleta jingine.

Utelezi huletwa na mafuta. Mafuta yakizidi, ngozi hung'aa na nguo huingia doa.

Kunata huletwa na nta. Nta ikizidi, dawa huwa ngumu. Huvuta ngozi wakati wa kupaka.

Basi dawa ya utelezi si nta peke yake. Ni unga mkavu, laini, unaofyonza mafuta. Unga huo ni wanga. Wanga hufyonza mafuta na jasho kidogo, na ngozi huhisi kavu.

Viwandani wana njia nyingine. Hutumia mafuta ya silikoni ambayo hupeperuka yenyewe kutoka kwenye ngozi. Mafuta yetu hayapeperuki. Kwa hiyo sisi tutatumia mafuta kidogo na wanga mwingi.

TUCHAGUE MAFUTA

Mafuta ya alizeti ni mepesi, na ni ya majimaji hata wakati wa baridi. Yachujwe kwa kitambaa safi, yaachwe yatuame, kisha yatumike yale ya juu.

Mafuta ya mbarika ni mazito na hunata. Tusiyatumie peke yake.

Samli hunuka ikikaa. Haifai.

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 au 25 hivi. Ndiyo maana Dar es Salaam huwa majimaji, lakini asubuhi ya Julai kule Mbulu huganda. Mtu anaweza kuyatumia, lakini yanatoka mbali na yana gharama.

TUSITUPE NTA

Warina asali wengi hukamua asali na kutupa masega. Hiyo ni hasara. Inakadiriwa kwamba nyuki hula kilo 6 hadi 8 za asali ili watengeneze kilo 1 ya nta. Anayetupa nta anatupa kazi kubwa ya nyuki. Nta ya nchi yetu ilikuwa ikipelekwa Ulaya tangu wakati wa Wajerumani. Wenzetu waliijua thamani yake.

Kusafisha nta ni rahisi. Osha masega. Yatie katika mfuko wa kitambaa, ufunge. Tumbukiza mfuko katika sufuria ya maji ya moto, uukandamize kwa mti. Nta itapita kwenye kitambaa na kuelea juu. Acha ipoe mpaka asubuhi. Utakuta bamba la nta juu ya maji. Kwangua uchafu ulioshika chini yake. Kausha bamba hilo vizuri.

VITU NA VIPIMO

Hiki ni kipimo cha kuanzia cha gramu 100:

Nta safi: gramu 15.
Mafuta ya alizeti: gramu 45.
Wanga mkavu: gramu 30.
Shabu iliyosagwa: gramu 10.

Jumlisha mwenyewe: 15 na 45 ni 60. Ongeza 30, ni 90. Ongeza 10, ni 100.

Pima kwa mizani midogo. Usipime kwa kijiko kama mizani ipo. Kijiko cha wanga na kijiko cha mafuta havina uzito sawa.

Wanga si unga wa ugali. Unga wa ugali una chenga, utakwaruza ngozi. Wanga wa mahindi huuzwa madukani. Wanga wa viazi unaweza kuutengeneza. Kwangua viazi mviringo, vioshe katika maji mengi, chuja. Acha maji yatulie. Wanga mweupe utatuama chini. Mwaga maji, osha tena, kisha uanike mpaka ukauke kabisa. Uchekeche kwa kitambaa chepesi.

Shabu itwangwe mpaka iwe laini kama poda. Ichekeche pia. Shabu haiyeyuki katika mafuta wala katika nta. Ikiwa na chenga, itabaki na chenga mpaka mwisho.

KUTENGENEZA

1. Weka maji katika sufuria kubwa, uitie motoni. Weka sufuria ndogo ndani yake. Tia nta katika ile ndogo. Nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 65 hivi, kwa hiyo joto la maji ya moto linatosha.

2. Nta ikiyeyuka, ongeza mafuta ya alizeti. Koroga mpaka yawe kitu kimoja.

3. Ondoa sufuria motoni. Pangusa maji yaliyo nje ya sufuria ndogo. Tone moja la maji lisiingie ndani. Maji yakiingia, wanga unaweza kuwa uji, na dawa itaota ukungu.

4. Tia wanga kidogo kidogo huku ukikoroga. Kisha tia shabu.

5. Usimimine haraka. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, unga utazama chini. Juu patakuwa mafuta matupu na chini patakuwa unga mtupu. Endelea kukoroga mpaka uwe mzito kama uji wa mtoto. Hapo mimina katika vikopo safi, vikavu, vyenye vifuniko.

6. Acha vikopo vipoe bila kuvitikisa. Andika tarehe juu yake.

Hadhari! Nta huwaka moto kama mafuta ya taa. Usiiweke moja kwa moja juu ya moto. Ikishika moto, usimwagie maji hata kidogo, kwa sababu moto utaruka. Funika sufuria kwa mfuniko na uondoe kuni. Watoto wakae mbali.

KUJARIBU KWA KARATASI

Tutajuaje kama utelezi umepungua? Tusibishane kwa maneno. Tupime.

Tuseme kikundi cha akina mama wa Dongobesh kinataka kupata kipimo kizuri. Watengeneze dawa za aina tatu, kidogo kidogo. Kila moja iwe na shabu gramu 10 katika gramu 100.

Ya kwanza: nta 15, alizeti 60, wanga 15.
Ya pili: nta 15, alizeti 45, wanga 30.
Ya tatu: nta 25, alizeti 35, wanga 30.

Wapake kila moja ndani ya mkono, kiasi kilekile. Wangoje dakika 5. Kisha wakandamize kipande cha karatasi nyeupe juu ya ngozi. Wakiinue kwenye mwanga. Penye mafuta, karatasi itaonyesha mwanga. Doa likiwa kubwa, utelezi ni mwingi.

Ya kwanza itaacha doa kubwa kuliko ya pili, kwa sababu ina mafuta mengi na wanga kidogo. Ya tatu itakuwa ngumu na itavuta ngozi, kwa sababu nta imezidi. Basi waanzie na ya pili. Kutoka hapo wabadilishe kidogo kidogo. Wakiongeza gramu 2 za nta, wapunguze gramu 2 za mafuta. Wasibadilishe na wanga siku hiyo hiyo. Wakibadilisha yote pamoja, hawatajua ni kipi kilicholeta nafuu.

Yote yaandikwe katika daftari: tarehe, vipimo na ukubwa wa doa. Kichwa husahau. Daftari halisahau. Kujua kusoma na kuandika kumefika hapa mpaka katika sufuria.

BARIDI NA JOTO

Mbulu mjini ni baridi, hasa mwezi wa Juni na Julai. Dawa itakuwa ngumu. Huko nta gramu 15 zinaweza kutosha, au hata kupunguzwa kidogo. Bondeni karibu na Ziwa Balangida kuna joto. Huko jaribu nta gramu 18 na alizeti gramu 42. Kabla ya kuuza, weka kikopo kimoja mahali penye joto la mchana kwa siku moja. Kikiyeyuka, ongeza nta safari ijayo.

Mafuta ya alizeti huchacha yakikaa muda mrefu. Tengeneza kidogo. Weka kivulini. Dawa ikianza kunuka mafuta ya zamani, itupe.

NGOZI KWANZA

Usitie magadi yale ya kuchemshia maharage. Ni makali, yanaweza kuunguza ngozi.

Kabla ya kupaka kwapani, paka kidogo ndani ya mkono. Ngoja siku moja. Pakiwasha au kutoa vipele, usitumie.

Usipake kwenye jeraha, wala mara baada ya kunyoa kwapa. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza, kwa sababu ya alumini. Uvimbe wa kwapani usifunikwe kwa dawa hii. Mwenye uvimbe aende zahanati.

Na asiyependa mafuta kabisa afanye hivi. Alowanishe jiwe laini la shabu, asugue kwapa safi kidogo, aache pakauke. Hapo hakuna utelezi wala doa la mafuta.

KUUZA KUNA SHERIA

Kutengeneza kwa matumizi ya nyumbani ni jambo moja. Kuuza ni jambo jingine. Tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kikundi kinachotaka kuuza kiulize huko kwanza. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, linafundisha wenye viwanda vidogo. Kikundi kiende na daftari lake. Mwenye vipimo vilivyoandikwa husikilizwa. Asemaye "natia kwa kukadiria" atarudishwa nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, kijijini kwenu nta hutupwa? Ni kiasi gani kwa msimu mmoja?
2. Utelezi huletwa na nini? Kunata huletwa na nini?
3. Kwa nini maji yasiingie katika mchanganyiko?
4. Mtafanya nini nta ikishika moto?
5. Mkitaka gramu 500 za dawa, mtapima nta gramu ngapi, alizeti gramu ngapi, wanga gramu ngapi na shabu gramu ngapi? Andikeni jibu katika daftari, kisha mkasirishe nta yenu msimu huu badala ya kuitupa: isafisheni, mpime, mjaribu.