Jua la Kinoru na Figo ya Kupandikizwa
Sisi wa Kinoru, mjini Meru, karibu mno na ikweta, hatudhani mtu aweza kukosa vitamini D. Ngozi huiunda kwa jua, walimu wa baiolojia hutufunza. Lakini haifai mpaka igeuzwe na ini, kisha na figo. Naye aliyepandikizwa figo huonywa ajikinge na jua lilo hilo, kwani dawa za kuizuia kinga isiikatae figo humzidishia hatari ya saratani ya ngozi; steroidi nazo hudhoofisha mifupa. Utafiti wa Ufaransa, uliochapishwa mwaka wa 2023, uliona kwamba dozi kubwa ya vitamini hiyo haikupunguza kisukari, maradhi ya moyo, saratani wala vifo. Hata hivyo, waliovunjika mifupa walipungua. Kwangu hilo si dogo: daktari apimaye kreatinini na aipime vitamini D pia.