Ishara za Molekuli na Ugonjwa wa Moyo wa Mzazi

Mzazi wa hapa Kabambare akivimba miguu na kutweta kila alalapo chali, jamaa huweza kudhani ni uchovu wa uzazi. Hata hivyo, dalili hizo zaweza kuwa za kardiomiopathi ya uzazi, yaani kulegea kwa misuli ya moyo mwishoni mwa mimba au katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua.

Mwaka 2007, watafiti walioongozwa na Denise Hilfiker-Kleiner wa Hannover, Ujerumani, walieleza njia mojawapo ya ugonjwa huu. Walitumia panya wadogo wa maabara waliokosa STAT3 katika seli za misuli ya moyo. STAT3 ni protini inayopokea ishara na kuiamuru seli ijikinge. Panya hao walipozaa, kimeng'enya kiitwacho kathepsini D kilizidi moyoni, kikaikata prolaktini, homoni ya maziwa. Kipande kilichopatikana kiliharibu mishipa midogo ya moyo. Ni kama neno sumuni: likikatwa mwisho, hubaki sumu.

Bromokriptini, dawa izuiayo prolaktini, iliwakinga panya. Katika mioyo ya wanawake wagonjwa pia STAT3 ilikutwa imepungua. Lakini dawa hiyo hukausha maziwa. Mahali ambapo titi ndilo tegemeo la mtoto, uamuzi huo ni mzito. Basi mzazi mwenye dalili hizo na apelekwe mapema kwa daktari, moyo wake upimwe.