Kutathmini Ubao Mama wa Kompyuta ya Mezani

Mtahiniwa, swali likisema "taja", unaorodhesha. Likisema "tathmini", unatakiwa kupima ubora na upungufu, kisha utoe uamuzi wenye sababu. Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa kwa kutaja sehemu za ubao mama bila kusema kama zinafaa au hazifai.

Hata nje ya mtihani, jambo hili lina gharama. Miaka michache iliyopita nilitumwa kutoka shule ya kando ya Ziwa Nyasa kwenda Songea kununua RAM nane. Fedha zilikuwa michango ya wazazi, ya kahawa na ya dagaa. Nilikumbuka ukubwa, GB 4, nikasahau aina. Kompyuta zetu zilitumia DDR3, mimi nikarudi na DDR4. Hazikuingia. Muuzaji alinibadilishia, lakini nauli ya safari ya pili ilitoka mfukoni, na kwa wiki mbili wanafunzi walibanana kwenye kompyuta chache. Soma basi ukijua kwamba kosa langu lisiwe lako.

Maana

Ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi, ni ubao mkuu unaounganisha prosesa, RAM, diski na vifaa vingine, kuvigawia umeme na kupitisha data kati yake.

A: Kutathmini mpangilio

Mkulima wa Umatengo hachimbi mashimo ya ngolo ovyo mlimani. Huyapanga ili maji yatulie na udongo usichukuliwe na mvua. Mpangilio wa ubao nao una kazi. Angalia mambo haya:

1. Ukubwa. ATX ni milimita 305 kwa 244, Micro-ATX ni 244 kwa 244, na Mini-ITX ni 170 kwa 170. Ubao wa ATX hauingii katika kasha la Micro-ATX. Ubao mdogo huweza kuingia katika kasha kubwa, kwa kuwa matundu ya skrubu hupangwa yalingane.

2. Soketi ya prosesa na sloti za RAM. Sloti huwekwa karibu na prosesa ili data isafiri umbali mfupi. Hata hivyo, zikikaribiana mno, feni kubwa ya prosesa huziba sloti ya kwanza.

3. Viunganishi vya umeme. Kiunganishi kikuu cha pini 24 kinafaa kuwa ukingoni. Kikiwa katikati, waya hukatiza ndani ya kasha na kuzuia hewa.

4. Milango ya SATA. Ikiwa nyuma kabisa ya sloti ya PCIe x16, kadi ndefu ya picha inaweza kuifunika.

5. Njia ya joto. Mbamba Bay iko chini kando ya ziwa na ina joto kuliko Mbinga mjini, iliyo juu milimani. Ubao wenye vipoza joto juu ya sehemu zinazorekebisha volti, na nafasi za kuunganisha feni zaidi ya moja, unafaa zaidi huko.

B: Kutathmini vipengele

1. Soketi na chipuseti. Soketi kufanana hakutoshi. LGA 1151 ilitumika kwa prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 6 hadi cha 9, lakini ubao uliotengenezwa kwa kizazi cha 6 na 7 haukuundwa kwa kizazi cha 8. Soma orodha ya prosesa zinazokubaliwa.

2. Aina ya RAM. DDR3 ina pini 240 na hutumia volti 1.5. DDR4 ina pini 288 na hutumia volti 1.2. Pengo la katikati haliko mahali pamoja, hivyo usilazimishe.

3. Milango ya nyuma. USB 2.0 hufikia megabiti 480 kwa sekunde, na USB 3.0 gigabiti 5. Kuwapo kwa mlango wa HDMI au VGA hakuhakikishi picha. Katika kompyuta za sasa, prosesa isiyo na sehemu ya picha ndani yake huhitaji kadi ya picha.

4. Hali ya ubao uliotumika. Kapasita iliyovimba juu au kuvuja ni dalili ya ubao mgonjwa. Saa ikirudi nyuma kila umeme unapokatika, chunguza kwanza betri ya CR2032 ya volti 3. Hiyo hubadilishwa kwa gharama ndogo, usikatae ubao kwa sababu yake.

Mfano

Shule ina makasha ya Micro-ATX na skrini za VGA. Kazi ni kuchapa, majedwali na intaneti. Ubao A ni Micro-ATX, una sloti 2 za DDR4, mlango wa VGA na SATA 4. Ubao B ni ATX, una sloti 4 za DDR3, PCIe x16 mbili, SATA 6, na hauna VGA. Prosesa zote zina sehemu ya picha.

Jibu: Ubao B una nafasi zaidi za kuongeza vifaa, lakini hauingii kwenye kasha, hauna mlango wa skrini zilizopo, na sloti zake za ziada hazihitajiki kwa kazi hizo. Ubao A unaingia, unatumia skrini zilizopo, na RAM yake hutumia volti ndogo. Upungufu wake ni sloti mbili tu. Hupunguzwa kwa kuweka RAM moja ya GB 8 na kuacha sloti moja wazi. Kwa hiyo Ubao A unafaa zaidi.

Ona kwamba jibu halikusema "B ni mbaya". Limeuliza: unafaa kwa kazi gani, na katika kasha gani?

Jipime

Studio ya picha mjini Mbinga ina kasha kubwa la ATX na inataka kuhariri video kwa kutumia kadi ndefu ya picha na diski tano. Tathmini Ubao A na Ubao B kwa kazi hiyo. Toa hoja nne na uamuzi mmoja.