Kuegemeana ni Somo: Dansi ya Wawili na Watoto wa Kibera na Kawangware

Wapo wanaodai kwamba dansi ya kisasa ya jukwaani ni anasa ya kigeni, na kwamba mtoto wa Kibera au Kawangware hana haja nayo. Mimi ni mwalimu wa isimu wala si mchezaji, lakini dai hilo nalipinga kwa hoja za taaluma yangu.

Tuanze na sarufi. Kiswahili kina kiambishi kinachogeuza tendo la mmoja kuwa tendo la wawili: kuegemea huzaa kuegemeana, kubeba huzaa kubebana, kungoja huzaa kungojana. Hakuna awezaye kuegemeana peke yake. Dansi ya wawili ni sarufi hiyo hiyo ikitendwa kwa mwili: mmoja humkabidhi mwenzake uzito wake, naye mwenzake huupokea ama huuacha uanguke. Hata hivyo, tusisahau kwamba kiambishi hicho hicho ndicho kilichotupa neno kupigana.

Wakazi wa mitaa hii miwili wanaijua vyema maana ya neno hilo. Kibera, ambayo jina lake limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, ilishuhudia moto na mauaji baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Huko Kawangware majirani walishambuliana mwezi wa Oktoba 2017. Waliopigana walikuwa wamezoea kununua sukuma wiki katika kibanda kimoja na kujadiliana bei kwa Kiswahili kile kile. Lugha moja haikutosha kuwazuia. Hapo pana funzo zito kwetu sisi walimu wa lugha: kuelewana kwa maneno si kuaminiana.

Je, kuaminiana kwaweza kufundishwa? Mfano upo, na chimbuko lake ni Nairobi. Mwaka 1997 Opiyo Okach, Mkenya aliyesomea uigizaji bubu jijini London, aliunda kundi la Gàara pamoja na Faustin Linyekula kutoka Kongo na Afrah Tenambergen. Kazi yao iitwayo Cleansing ilituzwa mjini Luanda, Angola, mwaka 1998. Mnamo 2009 Linyekula alipanda jukwaani katika Sans-titre pamoja na Mjerumani Raimund Hoghe, aliyefariki mwaka 2021. Mmoja alitoka katika nchi iliyoraruliwa na vita. Mwingine alikuwa mfupi, mwenye kibiongo, mwili ambao kwa kawaida hautarajiwi katika kumbi za dansi. Hakuna aliyelazimika kufanana na mwenzake. Tofauti zao ndizo zilizokuwa kazi yenyewe.

Wapinzani watauliza: je, mila zetu zitasalimika? Na watazame mwomboko wa Wakikuyu. Wazee waliucheza wawili wawili, mwanamume na mwanamke, kwa kodiani na pete ya chuma inayogongwa, baada ya kuziazima hatua za dansi za Wazungu enzi za ukoloni na kuzifanya zao. Leo ni nani athubutuye kuwaambia kwamba mwomboko si mila? Utamaduni haufi kwa kuazima. Hufa unapofungiwa kabatini.

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limehifadhi ngoma zetu kwa sifa kubwa. Lakini mara nyingi mtoto hupanda jukwaani kuionyesha ngoma ya jamii moja, kisha hushuka bila kukutana na yeyote. Mtaala wa Umilisi sasa umeifanya sanaa na michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari pevu. Nafasi hiyo isipite bure.

Pendekezo langu ni dogo. Shule moja ya Kibera na moja ya Kawangware zichague watoto wawili wawili, wa lugha tofauti za nyumbani. Kila mmoja amfunze mwenzake hatua za kwao, kisha pamoja watunge hatua ambazo hakuna kati yao aliyezirithi. Kinachohitajika ni darasa lililosogezwa madawati na mwalimu mwenye subira. Siku ya kwanza wataogopa kuachiliana uzito. Woga huo ndio mtaala wenyewe.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Watoto wetu wameikariri methali hiyo kwa ajili ya mtihani. Umefika wakati wa kuwaachia sakafu waitende.