Kazeh, Unyanyembe, Tabora: Mji Mmoja, Majina Matatu, Google Moja

Wasafiri Burton na Speke walipoingia Tabora Novemba 1857, waliandika kwamba wamefika Kazeh. Stanley, aliyepita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliandika Unyanyembe, na nyumba aliyofikia ilikuwa Kwihara, nje kidogo ya mji. Mwanafunzi wa leo akiandika "Tabora" kwenye Google hupata vya Tabora. Vya Kazeh vinaweza kumpita asijue kama vipo. Google hujaribu kukisia majina yanayohusiana, lakini kwa majina ya zamani ya bara haitegemeki.

Jina si tatizo pekee la hati za zamani. Wengi hudhani kuziskani ndiko mwisho wa kazi. Barua inalazwa juu ya skana, linatoka faili liitwalo scan0047.pdf, linapandishwa kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo, basi. Mtu akilifungua anaona barua. Roboti ya Google, programu inayopita ikisoma tovuti, inaweza kuona picha tu. Kupima ni rahisi: jaribu kunakili sentensi moja kutoka kwenye faili hilo. Isiponakilika, hamna maandishi ndani, na lisilo na maandishi haliingii vizuri kwenye faharasa. Ipo programu ya OCR ya kugeuza picha za herufi kuwa herufi zenyewe, nayo hujitahidi kwenye maandishi ya chapa. Mwandiko wa mkono, hasa wa herufi za Kiarabu, bado unahitaji jicho la mtu.

Livingstone mwenyewe ametuachia mfano. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, karatasi zilimwishia, akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu la The Standard kwa wino aliojitengenezea kwa mimea ya huko. Wino ukafifia hadi ukawa hausomeki. Timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilizipiga kurasa hizo picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 ikaziweka kwenye intaneti. Teknolojia ya picha ndiyo iliyosifiwa zaidi. Lakini kilichoifanya shajara itafutike ni kazi isiyo na sifa: watu waliketi wakainakili neno kwa neno, maandishi yakawekwa pamoja na picha.

Kisha kuna maelezo yanayoambatana na hati, yaani metadata. Chukua Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, ambaye baba yake, Muhammed bin Juma, aliishi Tabora. Maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin kwa herufi za Kilatini mwanzoni mwa karne ya 20. Mwandishi huyo huyo ni Tippu Tip, Tippu Tib na Hamed bin Muhammed el Murjebi. Mkutubi akijaza jina moja tu, anayetafuta kwa jingine atarudi mikono mitupu.

Vyuo vingi, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kikiwemo, hutumia programu ya DSpace, inayotegemea Dublin Core, mfumo wenye vipengele 15 vya msingi. Lakini Google Scholar haiupendi sana mfumo huo. Inataka lebo zake, kama citation_title na citation_author, na PDF isizidi megabaiti 5. Roboti haijazi fomu ya kutafutia, kwa hiyo kila hati iwe na kiungo cha kubofya, na tovuti iwe na ramani yake, ambayo faili lake moja hubeba hadi anwani 50,000. Tena fundi achungulie robots.txt: mstari mmoja, "Disallow: /", unatosha kuwafungia roboti tovuti nzima.

Pa kuanzia papo. Tangu 2006 Tanzania imeiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, waliyoipita wasafiri hao, kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, vituo vikiwa Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, ambako Burton aliandika Kawele. Majina hayo sita, pamoja na tahajia zake zote za zamani, yangeingizwa kwenye hati zilizokwisha kuskaniwa kabla ya kufungua sanduku jingine.