Homa ya Mgunda: Daktari Aulize Pia Kazi Yako

Mtu wa Songea, mkoani Ruvuma, akirudi kutoka bondeni na homa, kichwa kinagonga, viungo vinauma, nyumbani kote watasema malaria. Mara nyingi watakuwa sahihi. Lakini kipimo kikionyesha hana malaria, na homa haishuki?

Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu waliugua homa na kuumwa kichwa, wengine wakitoka damu puani. Wagonjwa 20, vifo vitatu. Vipimo viliondoa Ebola, Marburg na UVIKO, kisha Waziri wa Afya wakati huo, Ummy Mwalimu, akautaja ugonjwa: leptospirosisi, yaani homa ya mgunda.

Mgunda ni shamba, na jina hilo limebeba nusu ya maelezo. Bakteria wa leptospira, mwembamba na aliyejisokota kama uzi, hukaa kwenye figo za panya bila kumuumiza. Panya akikojoa, bakteria humwagika kwenye tope na madimbwi. Mkulima anayepalilia mpunga pekupeku, mguuni ana mkwaruzo, amemfungulia mlango. Ng'ombe, nguruwe na mbwa nao huweza kubeba bakteria huyo. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, na penye ghala la mahindi panya haalikwi.

Dalili hujitokeza kwa kawaida kati ya siku tano na 14 baada ya kuambukizwa: homa ya ghafla, macho mekundu, na maumivu makali ya vigimbi. Wengi hupona. Wachache hugeuka manjano, figo hushindwa kazi, au hutoka damu. Doksisaiklini na penisilini, dawa za siku nyingi, huutibu, hasa zikianza mapema.

Kwa nini basi hatuusikii? Kati ya 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Waganga walidhani zaidi ya asilimia 60 wana malaria. Maabara ikaikuta kwa asilimia 1.6 tu. Takriban robo walikuwa na bakteria watokao kwa wanyama: leptospira, brusela, homa ya Q na homa za kupe. Ruvuma si Moshi, huku mbu wana kazi kubwa zaidi, kwa hiyo kipimo cha malaria kibaki cha kwanza. Kikikana, mgonjwa mwenyewe aseme bila kungoja kuulizwa: nalima bondeni, nachinja nguruwe, juzi nilisafisha ghala.